Kurudi Ghubani: Mashua ya Shangazi na Historia ya Mji wa La Paz

Kila mwaka, mwezi wa kumi unapoelekea kwisha, shangazi yangu hutuma ujumbe wa sauti katika kundi la familia. Maneno ni yaleyale: "Tumerudi nyumbani. Tumefika salama, Mungu ashukuriwe." Baba hujibu. Wadogo zangu hutuma picha za maua. Babu, ambaye ndiye baba mzazi wa shangazi na ndiye aliyenifundisha kusikiliza kabla ya kusema, hurudisha simu kwa mwenyewe na kukaa kimya.

Nyumbani anakokutaja si Rumonge alikozaliwa mwaka 1970, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wala si Arizona, Marekani, alikopokewa mwaka 2007 pamoja na maelfu ya Warundi wengine waliokuwa wakimbizi tangu 1972. Ni mashua ya tanga ya futi 34, iliyofungwa gatini katika mji wa La Paz, kusini mwa rasi ya Baja California, nchini Meksiko. Humo analala, anapika, anashona na kusali yeye na mume wake, Mmarekani mstaafu aliyekuwa fundi wa injini, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tano. Kisha huiondoa mashua majini, hurudi Arizona kufanya kazi wakati wa joto, na mwezi wa kumi safari huanza upya.

Mwaka juzi neno hilo "tumerudi" lilizua ugomvi. Babu alisema mtu harudi mahali ambapo kitovu chake hakikuzikwa. Huko anakwenda tu, hata akienda mara mia. Shangazi alipoyasikia alinyamaza miezi miwili. Tulipotakiwa darasani kuandika insha itokanayo na masimulizi ya mdomo, nikaona heri niandike juu ya jambo hili kuliko kuendelea kulikwepa. Mhadhiri wangu aliniuliza, kwa haki kabisa, Burundi isiyo na bahari ina nini na bandari ya Meksiko. Nilimwambia nataka kujua kama shangazi ana haki ya kulitumia lile neno. Akasema hilo si swali la historia. Nadhani ni la historia, na nitajaribu kumwonyesha.

Nilizungumza na shangazi kwa simu mara kumi na moja. Habari za La Paz yenyewe nimezisoma katika vitabu na makala za Kiingereza na Kifaransa, na kidogo za Kihispania kwa kusaidiwa.

Kwanza nieleze hiyo safari ya kurudi, kwa kuwa wengi tulidhani ni starehe ya matajiri. Pwani ya Pasifiki ya Meksiko ina msimu wa vimbunga ambao wataalamu wa hali ya hewa wanauhesabu kuanzia 15 Mei hadi 30 Novemba. Kwa hiyo wenye mashua wengi hawathubutu kuziacha majini huko kusini wakati wa kiangazi. Wanavuka Ghuba ya California na kuzipandisha nchi kavu katika jimbo la Sonora, kwenye viwanja vya mashua vya Guaymas, San Carlos au Puerto Peñasco. Mashua ya shangazi husimama uwanjani huko Guaymas ikiwa imeegemezwa kwa vyuma pande zote mbili, mkuku wake juu ya mbao, matanga yameteremshwa na kukunjwa, kila tundu limezibwa.

"Ukiufungua mlango mwezi wa kumi," aliniambia, "kwanza inakupiga harufu. Joto la miezi mitano limefungiwa humo kama mkate kwenye tanuri. Godoro lina ukungu. Mpira wa pampu umekauka ukapasuka. Kuna mwaka tulikuta nyigu wamejenga kwenye tundu la kutolea maji." Siku kumi za mwanzo hawasafiri popote. Wanakwangua chini ya chombo na kupaka rangi ya kuzuia makombe, wanabadilisha vile vipande vya zinki vinavyoliwa na chumvi badala ya rafadha, wanapima betri, wanakagua kila kamba ya mlingoti kwa mkono. Ndipo winchi au trela huiteremsha mashua majini, na kila mtu anakimbilia ndani kutazama ngama.

Hapo nilimkatiza. Tuna methali tuliyoisoma kidato cha tatu: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tulifundishwa kwamba maana yake ni kwamba hata utembee wapi utarudi kwenu. Lakini ngama ni nini hasa? Ni sehemu ya chini kabisa ya chombo, yanakojikusanya maji yanayopaswa kuchotwa. Sikuwahi kuifikiria methali ile kwa upande wa anayechota. Shangazi alicheka sana. "Basi mimi ndiye huyo. Kurudi kwangu kunaanzia ngamani, na tochi mdomoni."

Baada ya hapo ni kuvuka ghuba, usiku mmoja na sehemu ya mchana, kisha kushuka polepole kando ya rasi kupitia Loreto mpaka La Paz. Wakifika, mhudumu wa gati hupokea kamba, mtu wa mashua ya tatu huleta samaki, na asubuhi redio ya mabaharia husoma majina ya vyombo vilivyoingia. Wanatajwa. Shangazi alinirudia jambo hili mara tatu katika mazungumzo tofauti: kwamba jina la mashua yao linatajwa hewani na watu wanaitikia karibuni. Kwa mtu aliyeishi miaka thelathini na mitano akitajwa kwa namba ya kadi ya chakula, naelewa.

Sasa niingie katika mji wenyewe. La Paz maana yake ni Amani, na jina hilo ni la kejeli kidogo. Mhispania wa kwanza kujulikana kufika katika ghuba hiyo, Fortún Ximénez, alikuwa mwasi aliyekuwa ameshiriki kumwua nahodha wake. Alitia nanga mwishoni mwa mwaka 1533 au karibu na hapo, yeye na wenzake wakawavamia wenyeji, na wenyeji wakamwua pamoja na watu wake wapatao ishirini. Walionusurika walirudi na habari moja tu iliyowavutia waliobaki: kuna lulu. Mwaka 1535, tarehe 3 Mei, Hernán Cortés mwenyewe, yule aliyeiangusha dola ya Waazteki, alishuka ghubani na kuuita mji wake Santa Cruz. Haukudumu hata miaka miwili. Hakukuwa na mahindi, maji yalikuwa haba, na wenyeji hawakuwa na haja ya mgeni. Mwaka 1596 Sebastián Vizcaíno alikuja kujaribu tena. Alipokewa vizuri akaupa mji jina la La Paz, kisha naye akaondoka. Mwaka 1683 akaja Atondo y Antillón. Askari wake waliwapiga mzinga wenyeji waliokuwa wamealikwa, na walowezi wakaondoka wakiwa na hofu ya kulipiziwa.

Nimezihesabu safari hizi kwa makusudi. Kwa karibu miaka mia mbili historia ya La Paz kwa upande wa wageni ni historia ya watu wanaofika, wanashindwa, wanaondoka na kurudi. Waliokuwa hawaondoki ni Waguaycura na Wapericú. Hao wa pili waliishi hadi kwenye kisiwa cha Espíritu Santo, kinachoonekana kutoka mdomo wa ghuba. Mwaka 1720 Wajesuiti walifungua misheni hapo La Paz. Padri Juan de Ugarte alifika na jahazi lililojengwa kwa miti ya rasi hiyohiyo, jambo ambalo watu walidhani haliwezekani kwa nchi kame kama ile. Misheni ilileta sala, ngano na ndui. Mwaka 1734 Wapericú waliasi, na kwa muda misheni za kusini zikawa magofu. Lakini magonjwa yalifanya kazi ambayo bunduki haikuimaliza. Wajesuiti walipofukuzwa na mfalme wa Uhispania mwaka 1768, wenyeji waliobaki katika rasi nzima walikuwa wapatao 7,000, na misheni ya La Paz ilikuwa imekwisha kuhamishwa kwa kukosa watu. Wapericú kama taifa lenye lugha yake hawapo tena. Hakuna anayeweza kusema "tumerudi" kwa Kipericú.

Nilimsomea shangazi sehemu hii. Alikaa kimya kidogo akasema, "Hayo hayako kwenye mabango ya gatini." Mengine yapo, alisahihisha siku ya pili, kwenye ile njia ya miguu ya ufukweni iitwayo Malecón kuna sanamu za lulu na za nyangumi na ya mzee mmoja katika mashua ya karatasi. Za Wapericú hakuziona.

Lulu ndizo zilizowaleta watu, na lulu zina mengi ya kutuambia sisi Waafrika. Waliozamia hawakuwa Wahispania. Mwaka 1615 msafara wa Nicolás de Cardona ulikuja katika ghuba hii ukiwa na wazamiaji Waafrika, watumwa, kwa kuwa Wahispania walikwisha kuwazoea katika uvuvi wa lulu huko Karibi. Baadaye, kwa karne ya 18 na 19, kazi hiyo waliifanya zaidi Wayaqui walioletwa kutoka ng'ambo ya ghuba, Sonora, kila msimu. Walizama na jiwe mkononi, wakapanda na chaza, na sehemu kubwa ikaenda kwa mwenye chombo na kwa serikali. Msomaji wa Kiswahili hapa hawezi kuacha kuikumbuka ghuba nyingine, ile ya Uajemi, ambako watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki walizamia lulu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Ghuba mbili zilizo mbali hivyo, kazi moja, na mapafu ya watu wa namna moja. Sijaona kitabu kinachoziweka pamoja, na ningependa mtu akiandike.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alitokea mtu wa La Paz, Gastón Vives, aliyefikiri tofauti. Badala ya kuwamaliza chaza chini ya bahari aliamua kuwafuga. Kuanzia 1903 alijenga katika kisiwa cha Espíritu Santo mifereji ya mawe ambamo maji ya bahari yalipita, na makinda ya chaza yakakua humo kwa maelfu na maelfu. Ulikuwa ufugaji wa chaza wa lulu kwa kiwango kikubwa kabla ulimwengu haujauzoea. Mwaka 1914, katika vurugu za Mapinduzi ya Meksiko, shamba lake liliharibiwa na hakuweza kulifufua. Kuta za mawe zipo mpaka leo, shangazi amezigusa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 chaza wa asili walikuwa wamekwisha, kwa kuvuliwa kupita kiasi na kwa sababu nyingine zinazobishaniwa, na lulu za kufugwa za Japani zilikuwa zimeshusha bei kila mahali. Mwandishi John Steinbeck alipopita hapo mwaka 1940 kwa chombo kilichoitwa Western Flyer, akiwa na rafiki yake mwanabiolojia Ed Ricketts, alisikia kisa cha kijana aliyepata lulu kubwa. Baadaye akakigeuza kuwa riwaya, The Pearl, iliyotoka mwaka 1947. Kwa hiyo ulimwengu uliusoma mji wa lulu wakati lulu hazipo.

Mashua za starehe zilifuata nafasi hiyo tupu. Kivuko cha kwenda Mazatlán kilianza mwaka 1964, barabara kuu ya rasi nzima ilikamilika mwaka 1973, na mwaka uliofuata Baja California Sur ikawa jimbo kamili, La Paz ikiwa makao makuu. Wenye mashua kutoka California na Kanada walishuka kila majira ya baridi, wakakaa nangani katika mkondo ulio kati ya mji na ulimi wa mchanga uitwao El Mogote, na baadaye gati zikajengwa. Ukikaa nangani hapo utaona kioja: upepo unasukuma huku, mkondo wa maji unavuta kule, na mashua zinazunguka kila moja kivyake hata zinakaribia kugongana. Mabaharia wanauita mchezo huo waltzi ya La Paz. Jioni za kiangazi huvuma upepo wa kusini uitwao coromuel, na watu husema jina linatokana na haramia Mwingereza aitwaye Cromwell. Mimi sikiamini kisa hicho, lakini nimekipenda.

Mwaka 2001 serikali ilikuja na mpango wa ngazi ya bandari za mashua kuizunguka rasi na ghuba, ikitarajia makumi ya maelfu ya mashua kutoka kaskazini. Mashua hizo hazikuja kwa wingi uliotarajiwa. Waliokuja ni watu wa aina ya shangazi na mume wake: wenye chombo cha zamani na pensheni ndogo, wanaohesabu bei ya gati kwa futi.

Hapa ndipo nilipoanza kumwona shangazi kwa jicho la wenyeji. Je, hawa si wavamizi wa namna nyingine? Swali hili si la uchokozi. Mji wa La Paz una kumbukumbu. Katika vita vya Marekani na Meksiko askari wa Marekani waliukalia mji mwaka 1847 na 1848. Amani iliposainiwa na rasi kubaki Meksiko, mamia kadhaa ya wakaazi waliokuwa wameshirikiana na Wamarekani walilazimika kuondoka nao kwenda Monterey, California, kwa kuhofia kulipizwa. Hao nao ni wakimbizi, na sijui kama yupo aliyewaandikia insha. Miaka mitano tu baadaye, mwezi Novemba 1853, Mmarekani William Walker alitia nanga La Paz na watu arobaini na watano, akamteka gavana, akapandisha bendera yake na kutangaza kuwa hapo ni Jamhuri ya Baja California, yeye akiwa rais. Hakuwa ametumwa na serikali yoyote. Alifukuzwa baada ya miezi michache, akaenda kufanya makubwa zaidi huko Nikaragua, na mwaka 1860 akapigwa risasi Honduras.

Mtu akiyajua hayo ataelewa kwa nini Katiba ya Meksiko ya mwaka 1917, katika ibara ya 27, ilikataza mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 50 kutoka pwani na kilomita 100 kutoka mipakani. Mpaka leo mgeni anayetaka nyumba ya ufukweni hupitia benki, inayoshika hati kwa niaba yake. Lakini mashua si ardhi. Mashua huingia kwa hati ya muda inayodumu miaka kumi, na mwenyewe hukaa juu ya maji akilipa gati, bila kumiliki hata kokoto.

Nilipomweleza shangazi kuhusu Walker alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mimi sikuja na bunduki. Nimekuja na cherehani." Kisha akasema bahari haina mwenyewe, basi yeye hamdhulumu mtu. Hapo sikukubaliana naye, na nilimwambia kwa adabu. Gati lina mwenyewe, ufukwe una wavuvi waliosogezwa, na maji ya bomba anayojazia matangi yanatoka katika mji wa jangwa unaogombania maji. Alinijibu kwa jambo ambalo nimelifikiria tangu siku ile. Alisema: "Ni kweli. Lakini hapa najua kabisa ya kuwa pale si pangu, na karatasi inasema hivyohivyo. Kwa babu yako karatasi inasema ni pake, na amelala na nani pale?"

Lazima nieleze. Babu alivua ndagala kwa taa za karabai huko Rumonge na alikuwa na shamba la michikichi. Mauaji yalipoanza mwishoni mwa Aprili 1972, alivuka ziwa usiku na bibi na shangazi, mtoto wa miaka miwili mgongoni, hadi upande wa Kongo. Waliishi huko miaka ishirini na minne. Baba yangu alizaliwa huko. Vita vya mwaka 1996 vilipofika, mwezi wa kumi, walivuka ziwa mara ya pili kwenda Kigoma, Tanzania, wakaingia kambini. Babu alirejea Rumonge mwaka 2008 akakuta familia nyingine juu ya shamba lake, watu waliopewa kihalali kwa macho yao na waliozikia wazazi wao pale. Kesi ilipita katika ofisi ambazo sitazitaja. Mwishowe shamba lilikatwa nusu kwa nusu, na mpaka unapita kati ya michikichi miwili ambayo babu anasema aliipanda siku moja. Wanasalimiana na jirani. Hawakopeshani chumvi.

Shangazi alitakiwa kurudi naye mwaka ule. Hakurudi, alikuwa Arizona kwa mwaka mmoja tu. Amekuja mara moja, mwaka 2015, akakaa siku nne tu, na hali ya nchi wakati ule haikumruhusu kukaa zaidi. Babu huhesabu hizo siku nne. Shangazi naye huhesabu: mara tisa amerudi La Paz.

Katika mazungumzo ya saba ndipo alipozungumzia mara ya kwanza kuvuka ghuba kwa mashua, mwaka 2016. Usiku ulipoingia na taa za Guaymas kupotea, alishuka ndani akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye ubao, hakuweza kusimama. Mume wake alidhani ni kichefuchefu. Alikuwa ameikumbuka mitumbwi ya mwaka 1996. Katika mtumbwi ule kutoka Kongo yeye ndiye aliyepewa sufuria ya kuchotea maji, alichota mpaka alfajiri, na kulikuwa na watu wawili walioingia nao ambao hawakushuka nao. Majina yao alinitajia, siyaandiki hapa. Nilimwuliza kwa nini basi, baada ya usiku ule wa mwaka 2016, alikubali kuvuka tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Alisema: "Kwa sababu asubuhi tulifika. Halafu mwaka wa pili tulifika tena. Nilitaka kujua kama itakuwa hivyo kila mara."

Si kila mara huwa hivyo, na yeye anajua kuliko mimi. Wazee wa gati humsimulia kimbunga Liza cha mwaka 1976, kilichobomoa tuta la kuzuia mafuriko likaua mamia ya watu wa mji, wengi wao wa mitaa ya maskini iliyokuwa bondeni. Wanamsimulia Odile, wa Septemba 2014, ambapo baadhi ya watu waliokuwa wakiishi katika mashua zao hapo ghubani walikufa. Oktoba 2023, kimbunga Otis kilipoivunja Acapulco na kuzamisha mashua pamoja na waliokuwa ndani yake, shangazi alikuwa uwanjani Guaymas akipaka rangi. Nilimwandikia kwa wasiwasi. Alijibu kwamba Acapulco ni mbali, kisha baada ya saa moja akaongeza kwamba rangi imemshinda kwa siku ile.

Msimamo wangu, baada ya kuzungumza naye mara kumi na moja, ni huu. Babu analitumia neno "kurudi" kwa ardhi, na anaweza kuonyesha pale kitovu kilipozikwa. Historia ya La Paz inaonyesha kwamba ardhi hiyohiyo inaweza kuwapo na watu wake wasiwepo kamwe, na inaweza kujaa watu wanaorudi ambao hawajawahi kuwa nayo. Shangazi analitumia kwa tendo: kufungua mlango, kuchota maji, kutajwa asubuhi. Nikilinganisha, naona shangazi ana haki ya neno lake kwa kuwa halimpokonyi mtu la kwake, mradi asiseme kwamba bahari haina mwenyewe. Mhadhiri anaweza kunipunguzia alama hapo.

Sikuwa nimepanga kumsomea babu insha hii. Nilikwenda Rumonge wikiendi kumwomba aniruhusu kutaja shamba, na akataka asikie yote. Nilisoma kwa Kiswahili, pengine nikimfafanulia kwa Kirundi. Kwa Wapericú alitikisa kichwa. Kwa Walker hakusema kitu. Nilipofika kwenye sufuria alininyamazisha kwa mkono, akatazama ziwani kwa muda mrefu, akauliza kama hiyo mashua ya mkwe wake inavuja.

Nilimwambia ina pampu ya umeme.

"Pampu ikifa?"

Nilituma swali hilo kwa shangazi papo hapo. Kule ilikuwa asubuhi na mapema. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi, ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini, na hakuna maneno ndani yake isipokuwa mwanzoni: "Baba, sikiliza." Kisha kifuniko kinafunguliwa, chuma kinalia, mkono unavuta pampu ya mkono, na maji yanamwagika nje. Babu aliisikiliza mara mbili. Akaniambia nimwulize ni ndoo ngapi kwa siku.